Chenza Chachu, Tunda Kavu, Majani ya Njano: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Machenza na Machungwa ya Pwani

Mtu aliyenunua machenza ya msimu akayakuta makavu ndani, na mkulima anayeuona mchenza wake ukigeuka njano tawi baada ya tawi, mara nyingi wanalalamikia jambo moja wakiwa pande mbili tofauti, kwa sababu kasoro nyingi za tunda huanzia shambani, nyingine miezi kadhaa kabla tunda halijafika sokoni. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tunda lililo mkononi, unaingia kwenye ua na jani, kisha unashuka hadi kwenye shina. Mifano yake mingi ni ya Muheza, mkoani Tanga, ambako machungwa ni zao la biashara linalojulikana nchi nzima na hata ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Chenza na chungwa vimezungumziwa pamoja kwa kuwa miti yake ni ndugu na huugua maradhi yaleyale.

Ganda bado la kijani

Hili ndilo swali linalorudi kila msimu, na kwa kawaida halina ugonjwa wowote nyuma yake. Ganda la chungwa hupoteza ukijani pale usiku unapopoa hadi kukaribia nyuzi 13 za Selsiasi, na usiku wa Muheza, Pangani au Unguja haufiki huko hata katika miezi ya kipupwe. Ndiyo maana chungwa la pwani linaweza kuwa limekamilisha utamu wake huku ganda likiwa kijani lenye mawaa ya njano, wakati chungwa la aina ileile lililokulia kwenye baridi ya Lushoto linapata rangi yake kamili. Hata satsuma, chenza la Kijapani lisilo na mbegu ambalo limelimwa katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Meksiko tangu miaka ya 1870, huiva ndani kabla ganda halijabadilika, ingawa huko kuna baridi ya kutosha ya kulimalizia rangi baadaye. Anayetamani kuupanda mti huo pwani kwa sababu ya picha za matunda mekundu-njano alizoziona ajue kwamba atakachovuna kitakuwa na rangi ileile ya machenza ya jirani yake.

Kwa kuwa rangi haitoshi kuwa shahidi, tunda lipimwe kwa njia nyingine. Lililokomaa ni zito kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, ganda lake limelainika na kuanza kung'aa kwa sababu vile vinundu vya mafuta vimetanuka na kulala, na kitako chake kimetandazika kidogo. Kwa chenza kuna dalili moja zaidi: ukilibonyeza taratibu karibu na kikonyo, unahisi ganda likiachana na nyama. Njia ya uhakika kuliko zote inabaki ileile ya wazee, yaani kuchuma matunda mawili, moja upande unaopigwa na jua na jingine ndani ya kivuli cha matawi, kisha kuyaonja yote mawili kabla ya kuugusa mti mzima.

Tunda ni chachu

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni haraka. Embe likichumwa limekomaa litaiva ndani ya pipa au chini ya kitanda, lakini chungwa na chenza havina tabia hiyo. Sukari iliyomo siku ya kuchumwa ndiyo utakayoila, na kulivundika tunda hilo kutabadilisha rangi ya ganda tu. Haraka yenyewe ina sababu zake. Mkulima mwenye ada ya shule mlangoni humuuzia mchuuzi mti mzima ukiwa bado na vitunda vichanga, na mchuuzi naye, akisikia bei ya mjini imepanda, hapeleki wachumaji wa kuonja bali wa kujaza gari. Matunda ya mwanzo wa msimu ndiyo yanayopata mkasa huu zaidi, kwa hiyo mnunuzi anayependa utamu hana hasara akisubiri wiki tatu au nne baada ya tenga la kwanza kuonekana barabarani.

Ikiwa uchachu unaendelea hadi katikati ya msimu, na mti ni wako mwenyewe, chunguza kama matunda unayokula yanatoka kwenye tawi lililobebeshwa, yaani lililopandikizwa juu ya shina la mti mwingine. Miche mingi ya machungwa na machenza hubebeshwa juu ya shina la mlimau wenye ganda la mikunjomikunjo, na shina hilo halijafa. Likipata nafasi hutoa machipukizi yenye nguvu kutoka chini ya kovu la kubebeshea, machipukizi ambayo baada ya miaka miwili au mitatu huuzidi mti wenyewe. Mwenye shamba husema mchungwa wake umegeuka kuwa mlimau, na kwa namna fulani anasema kweli. Fuata tawi linalozaa uchachu hadi linapoanzia: kama ni chini ya kovu, likate hadi kwenye shina, na kila mwaka yang'oe machipukizi hayo yakiwa bado mororo.

Tunda ni kavu, au ganda ni nene na nyama ni kidogo

Chenza lililokauka kwa kawaida limechelewa. Mtu wa mjini ambaye ana mchenza mmoja uani huuacha ukining'inia matunda kama pambo, akichuma mawili matatu kila jioni, na ifikapo mwezi wa tatu wa kuchuma hivyo yaliyobaki yametuna ganda, limeachana na nyama kama nguo ya kuazima, na ndani nyuzi zimegeuka punje ngumu zisizo na maji. Machungwa ya aina ya Valensia huvumilia kukaa mtini kwa muda mrefu, machenza hayavumilii, na anayeyachanganya hayo mawili atapoteza machenza yake kila mwaka.

Sababu nyingine ni umri mdogo wa mti. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na matunda ya mizao ya kwanza huwa na ganda nene na maji machache hata kama mkulima hakukosea kitu. Hapo dawa ni subira. Shina la mlimau nalo lina mchango wake, kwani linavumilia ukame na kuukuza mti upesi, lakini matunda yake hayafikii utamu wa yale yaliyobebeshwa kwenye mashina mengine. Anayeongeza mbolea ya naitrojeni kwa wingi juu ya mti wa namna hiyo atapata majani mazuri sana na matunda yenye maganda manene zaidi.

Ndani kuna funza

Lishike tunda lililodondoka likiwa bado na afya kwa nje, ligeuze polepole, na utaona tundu dogo kama la ncha ya sindano, likizungukwa na duara la njano lililolainika kiasi cha kidole kuzama. Hapo ndipo nzi wa matunda alipotaga mayai. Kuna nzi wenyeji wa tangu zamani, lakini aliyeharibu mambo zaidi ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika Afrika nzima ya kitropiki, akila embe kwanza na kuhamia kwenye machungwa, mapera na matunda mengine.

Kupulizia dawa kwenye tunda lenye funza ni kupoteza fedha, kwa kuwa funza yuko ndani na dawa iko nje. Kinachomvunja nguvu nzi huyu ni usafi, nao ni kazi ya kuchosha kuliko ilivyo ngumu: okota kila tunda lililodondoka angalau mara mbili kwa wiki, yatie kwenye mfuko wa plastiki mweusi uliofungwa vizuri na uuache juani hadi funza wafe kwa joto, au yafukie katika shimo lenye kina kisichopungua nusu mita. Ukiyarundika chini ya mti wa jirani umemsaidia nzi kuhama. Mitego yenye chambo cha methili eujenoli huvuta madume, hivyo hupunguza idadi na kukuonyesha wadudu wameanza lini, ila haiwezi kulilinda shamba peke yake, hasa kama kuna miembe karibu isiyookotwa.

Siafu wa mtini tunaowaita maji moto, wale wanaoshona majani kuwa kiota, huwawinda na kuwafukuza nzi hawa, na mimi huwaacha kwenye miti yangu ingawa wachumaji wananilaumu. Mtu asiyevumilia kuumwa ana haki ya kuamua vinginevyo.

Ganda lina masizi au kutu

Masizi meusi yanayofutika kwa kitambaa ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayotolewa na vidukari, wadudu gamba na inzi weupe. Osha tunda kwa maji, kisha shughulikia wadudu walio upande wa chini wa majani. Maji ya sabuni ya kufulia yaliyochujuka, yakipuliziwa jioni, hutosha kwa miti michache. Rangi ya kutu isiyofutika husababishwa na utitiri au na ganda kusuguliwa na matawi wakati wa upepo. Haiathiri ladha hata kidogo, na mnunuzi anayejua huyachagua hayo kwa makusudi kwa sababu huuzwa kwa bei ya chini.

Maua mengi, matunda machache

Mchungwa huchanua kwa israfu, na sehemu kubwa mno ya maua pamoja na vitunda vya ukubwa wa njegere hudondoka bila ugonjwa wowote. Wasiwasi uanze pale vitunda vya ukubwa wa gololi au zaidi vinapodondoka kwa wingi. Kwenye pwani yetu maua hufuata mvua zinazokuja baada ya kiangazi, na mti uliochanua kwa vuli unatarajiwa kuchumwa baada ya masika. Vuli ikikatika ghafla wakati vitunda ni vichanga, mti hujiokoa kwa kuvitupa. Matandazo ya majani makavu yaliyotandazwa chini ya matawi bila kugusa shina, pamoja na maji ya ndoo mbili tatu kila wiki kwa mti wa uani, huokoa sehemu nzuri ya zao hilo. Ukame huohuo ukifuatiwa na mvua kubwa wakati matunda yameshakua, hupasua maganda, kwa sababu nyama hutanuka upesi kuliko ganda lililokwisha kukomaa.

Mchenza una tabia yake ya ziada ya kuzaa mwaka mmoja hadi matawi yanavunjika, na mwaka unaofuata kutoa matunda ya kuhesabika. Huo ni uchovu. Katika mwaka wa zao kubwa punguza vitunda vikiwa bado vidogo, hasa vilivyobanana, na utapata machenza makubwa zaidi mwaka huo na mti wenye nguvu mwaka wa pili.

Majani yanageuka njano

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa duka la pembejeo lina chupa ya kila rangi ya njano. Kabla ya kwenda dukani jibu maswali mawili ukiwa umesimama chini ya mti: yaliyobadilika ni majani ya zamani au mapya, na je, alama za upande mmoja wa jani zinafanana na za upande wa pili?

Majani ya zamani yakiwa njano kwa usawa, tangu ncha hadi kitako, na mti mzima umepauka, mti una njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza vizuri, iliyowekwa chini ya ukingo wa matawi mwanzoni mwa mvua, itaonyesha matokeo. Jani la zamani likibaki na pembetatu ya kijani kwenye kitako huku kingo zikiwa njano, ni upungufu wa magnesi. Majani mapya yakiwa madogo, membamba, yenye njano kati ya vishipa na ukijani ukifuata vishipa kwa mpangilio ulio sawa pande zote mbili, ni zinki. Yakiwa meupe-njano yenye mtandao mwembamba wa vishipa vya kijani, ni chuma, na hilo ni la kawaida kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe ya Unguja na pwani nyingine, ambako chokaa huyafungia mizizi virutubisho vilivyomo udongoni. Mwenye shamba kubwa asibahatishe: Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kilichoko Muheza kwenyewe, kimefanya kazi ya udongo kwa miongo mingi, na kipimo kimoja cha udongo ni nafuu kuliko msimu mzima wa kukisia.

Kisha kuna njano isiyo na mpangilio. Mwaka mmoja mchenza ulio nyuma ya nyumba yangu ulitoa tawi moja la njano katikati ya matawi ya kijani. Nilijiambia ni zinki, nikanunua mbolea ya majani na kupulizia mara tatu, na kila mara majani mapya yalitoka vilevile. Bwana shamba aliyekuja alichuma jani, akaliinua kwenye jua, akachora kwa kalamu ya wino duara upande wa kushoto wa mshipa mkuu na duara jingine mahali palepale upande wa kulia, akanikabidhi. Ndani ya duara la kushoto palikuwa njano tupu. La kulia lilikuwa kijani na baka dogo pembeni. Upungufu wa virutubisho hauchagui upande, aliniambia, lakini ugonjwa huu unachagua.

Alikuwa anazungumzia huanglongbing, ambao mabwana shamba wengi huuita griningi. Ni bakteria anayeziba mishipa inayosafirisha chakula ndani ya mti. Matunda ya tawi lenye ugonjwa hubaki madogo, hukua kombo, mbegu zake hunyauka, na mara nyingi hukaa kijani kitakoni wakati upande wa kikonyo umeanza kupata rangi, kinyume cha ilivyo kawaida. Ladha yake ni chungu na ya chumvichumvi. Afrika Mashariki imeujua ugonjwa huu kwa miaka mingi katika nyanda za juu, kwa kuwa aina ya Kiafrika ya bakteria huyo haivumilii joto, na kidudu anayeubeba, Trioza erytreae, hupenda baridi na huacha majani yakiwa na vijishimo upande wa chini na vinundu upande wa juu. Pwani ilijiona imesalimika. Hali hiyo ilibadilika katika miaka ya 2010, pale Diaphorina citri, mbebaji wa aina ya Kiasia isiyoogopa joto, alipothibitishwa Tanzania na baadaye pwani ya Kenya. Ni kidudu cha milimita tatu au nne, cha rangi ya udongo, kinachokaa kwenye machipukizi mororo kichwa kikiwa chini na mkia umeinuliwa juu, na ukishamwona mara moja hutamsahau.

Mti ulioambukizwa haujapata dawa. Kuung'oa kunauma, hasa kama ni mti uliopandwa na mzazi, lakini ukiachwa unakuwa kituo cha kuambukiza miti ya majirani wote. Kabla ya kuukata, mwite afisa kilimo aone na ikiwezekana achukue sampuli, puliza dawa ya wadudu kwanza ili vidudu visiruke kwenda kwenye mti wa pili, kisha ng'oa pamoja na mizizi. Miche ya kupanda upya inunuliwe kwenye kitalu kinachojulikana na kukaguliwa; mche wa bei poa unaouzwa kwenye toroli, usiojulikana umetoka wilaya gani, ndio njia nyepesi kuliko zote ya kuuingiza ugonjwa huu shambani.

Majani machanga yaliyoliwa kingo ni suala dogo. Tafuta kiwavi kinachofanana na kinyesi cha ndege, kiguse kwa kijiti, nacho kitachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa na kutoa harufu kali. Kitoe kwa mkono. Michoro ya fedha inayojikunja juu ya majani mapya ni njia za funza mdogo wa kipepeo wa usiku, na kwa mti mkubwa inaweza kupuuzwa.

Shina linatoa gundi

Gundi ya rangi ya asali ikitiririka karibu na ardhi, na gome likiwa limelowa na kunuka, vimelea vya Phytophthora vimeingia, na mlimau uliotumiwa kama shina la chini ni dhaifu sana mbele yao. Sababu ni maji yanayotuama na udongo uliorundikwa shinani, wakati mwingine na mkulima mwenyewe akidhani anausaidia mti. Fukua udongo hadi mizizi mikuu ya juu ionekane, kwangua gome lililooza mpaka ufikie lililo zima, paka uji wa dawa ya ukungu yenye shaba (kopa), na chimba mfereji wa kuondoa maji. Gome likiwa limeoza kuuzunguka mti wote, umechelewa. Mche unaofuata upandwe kovu la kubebeshea likiwa juu ya ardhi zaidi ya shibiri moja.

Matunda yanaoza siku chache baada ya kuchumwa

Chenza likivutwa kwa mkono huacha kikonyo mtini pamoja na kipande cha ganda, na ukungu wa kijani huanzia kwenye jeraha hilo. Tumia mkasi, acha kikonyo kifupi kisichochoma matunda mengine, na usichume asubuhi na mapema umande ungali juu ya maganda, kwa kuwa ganda lililojaa maji hupasuka vinundu vyake vya mafuta kwa kushikwa tu, na baada ya siku mbili huonyesha mabaka ya kahawia kama yaliyoungua. Ukifika nyumbani yamwage kutoka kwenye kiroba, yatandaze kwenye ungo au tenga lenye hewa mahali penye kivuli, na kila siku toa lolote lililoanza kulainika. Machungwa yatakusubiri wiki mbili. Machenza yaanze kuliwa siku hiyohiyo.